Mwaka wetu wa masomo ya nyumbani huanza Februari

Mimi ni fundi cherehani. Tunaishi Tabata, Dar es Salaam, upande wa kuelekea Segerea: mume wangu ambaye ni fundi umeme, watoto saba, na mama mkwe aliyetoka Magu, mkoani Mwanza, kuja kutibiwa macho akakaa mpaka leo. Sina cheti cha ualimu. Niliishia kidato cha nne, na nyumba yetu haina chumba cha ziada. Lakini tangu 2020 sehemu kubwa ya masomo ya wanangu inafanyika hapa barazani, na kina mama wa jumuiya yetu ya Kikatoliki, hasa wenye watoto wengi, wamekuwa wakiniuliza tunaanzaje mwaka bila kugombana. Nimeona niandike tuliyoyapitia, pamoja na hela iliyopotea, ili anayetaka kujaribu asianzie kule tulikoanzia sisi.

Chanzo ni corona. Serikali ilifunga shule katikati ya Machi 2020, zikafunguliwa kwa wote mwishoni mwa Juni. Wakati ule tulikuwa na watoto watatu kwenye shule ya kulipia, ya mchepuo wa Kiingereza. Ada ilikuwa milioni moja na laki sita kwa kila mtoto, gari la shule mbali, na gari lenyewe lilikuwa linapita saa kumi na moja kasorobo alfajiri kwa sababu lilizunguka mitaa yote kabla ya kufika. Mwanangu wa pili alikuwa darasa la tatu. Nikamkalisha na kitabu chake cha Kiingereza, akakisoma kwa sauti nzuri kabisa, mikono nyuma. Nikafunika picha kwa kiganja, nikamwonyesha sentensi ya katikati. Kimya. Nikaondoa kiganja, akaendelea kama redio. Alikuwa amekikariri kitabu kizima kwa kufuata picha, na ripoti yake ilikuwa imejaa A.

Miezi ile mitatu alijifunza kusoma. Kwa Kiswahili, kwa Injili ya Jumapili na kwa magazeti niliyokuwa nafungia nguo za wateja. Shule zilipofunguliwa, mimi na mume wangu tulikuwa tumeshaamua kwamba ile ada haitalipwa tena.

Hapa niseme jambo ambalo wengi hawapendi kulisikia. Sheria ya Elimu ya 1978 inamtaka kila mtoto aliyefikisha miaka saba aandikishwe shule ya msingi na ahudhurie. Ukisoma habari za familia za Kikatoliki za Marekani ambazo watoto wao hawajawahi kukanyaga darasani, kumbuka kwamba kule kusomea nyumbani kunaruhusiwa na sheria katika majimbo yote. Huku mtendaji wa mtaa ana haki ya kukuuliza mtoto wako anasoma wapi, na sisi hatukutaka maisha ya kujificha. Tukachukua njia ya katikati. Wenye umri wa shule ya msingi tuliwahamishia shule ya serikali iliyo karibu, wanakwenda kwa miguu. Wanafunzi ni wengi kiasi kwamba wanaingia kwa zamu, na wetu wako zamu ya asubuhi. Saa saba wameshafika nyumbani. Ada hakuna tangu 2016, michango midogo midogo haikosekani. Mchana ni wetu, na wale ambao hawajafikia umri wa kuandikishwa wako nyumbani siku nzima.

Kuna mama aliniambia hiyo si shule ya nyumbani, ni tuisheni ya mama. Sibishani naye. Mapacha wangu, Kulwa na Doto, wako kwenye darasa lenye watoto zaidi ya mia na mwalimu mmoja, na mwalimu yule anajitahidi kuliko ninavyoweza kueleza. Lakini anayejua kwamba Doto huchanganya kuzidisha na kujumlisha akichoka ni mimi.

Miaka ya mwanzo tulianza Januari kama watu wote. Mume wangu alinunua ubao mweupe Kariakoo, tukachora ratiba ya vipindi vya dakika arobaini, binti wa kwanza akawa anagonga sahani ya bati kama kengele. Ukitazama picha za siku ya kwanza unaweza kudhani ni kituo cha elimu. Lakini Januari kwa fundi wa sare ni mwezi wa kufa na kupona. Kila mzazi wa Tabata anataka sketi ya marinda ya kesho. Wateja wanaingia wanatoka, mtoto mdogo anameza kifungo, umeme unakatika na cherehani ya umeme inanyamaza nikiwa na oda kumi na mbili mezani, na pembeni mapacha wanasubiri nisahihishe hesabu. Wiki ya pili sahani haigongwi tena. Wiki ya tatu nimeshampiga mtu kofi kwa kosa dogo, halafu nakaa chooni nalia. Nasema hivi kwa sababu najua wako wanaolia chooni muda huu wakidhani ni wao peke yao.

Aliyetutoa huko ni mama mkwe. Hakusoma zaidi ya darasa la nne la zamani, na wala hakuwa anatoa ushauri, alikuwa ananilalamikia tu. “Mkwe, nyumba imejaa watu wa sare, wewe unawaita watoto wakae wasome. Ngoja kwanza watu wa sare waondoke.” Nikajibu kwamba mwaka wa shule unaanza Januari. Akaniuliza, “Shule ya nani? Si mmesema hii ni ya kwenu?”

Tukatafuta tarehe nyingine. Kalenda ya Kanisa ilikuwa imetupa tayari: tarehe 2 Februari, Sikukuu ya Kutolewa Bwana Hekaluni, siku ambayo mishumaa hubarikiwa na waamini huingia nayo kanisani. Sare zimeshaisha, hela ya mafundi imeingia, joto bado kali lakini vichwa vimetulia. Kila mtoto anapata mshumaa wake, na jioni tunauwasha wakati wa kusoma Injili ya siku hiyo, ile ya mzee Simeoni. Kesho yake masomo ya nyumbani yanaanza. Shuleni wanakwenda kama kawaida tangu shule inapofunguliwa. Ninachozungumzia ni huu mwaka wetu wa mchana.

Basi Januari tuliifanya mwezi wa maandalizi, na kazi zake ni zile ambazo fundi mwenye oda anaweza kuzifanya huku mguu uko kwenye pedeli. Vitabu vyote vinatolewa kwenye sanduku na kumwagwa mkekani. Kilichochanika kinashonwa, sindano nene na uzi wa ngozi hufunga kitabu kuliko gundi. Kila mtoto anakuja kusimama karibu na cherehani anasoma ukurasa mmoja kwa sauti, kisha ananisimulia amesoma nini. Anayesoma vizuri akashindwa kusimulia, huyo ndiye nitakayekaa naye. Hesabu nawapima kwa bei: nimenunua zipu nane kwa mia tano mia tano, nimetoa noti ya elfu kumi, chenji yangu?

Na macho. Naomba mzazi yeyote anayesoma hapa apime macho ya mtoto kabla hajamwita mvivu. Kulwa na Doto walikuwa wanakaa dawati moja, na mwaka mzima Kulwa ndiye aliyekuwa hodari. Ilikuja kugundulika kwamba Doto hakuwa anaona ubaoni, alikuwa ananakili kwa mwenzake pamoja na makosa. Tulijua kwa bahati, siku tulipompeleka bibi yao kliniki ya macho na Doto akajaribu kusoma zile herufi ukutani kwa utani. Miwani ilitugharimu elfu tisini. Tuisheni tuliyokuwa tumeshamlipia ilikuwa imezidi hapo.

Kuhusu vitabu, hapa ndipo hela inapoteketea. Mtaala mpya ulianza kutumika Januari 2024 kwa awali, darasa la kwanza na darasa la tatu. Mapacha walikuwa darasa la tatu mwaka ule, dada yao darasa la nne. Maana yake ndani ya nyumba moja nina mitaala miwili: dada mtu anamaliza darasa la saba kwa utaratibu wa zamani, wadogo zake wanamalizia darasa la sita. Vitabu alivyoviacha dada havikuwafaa wadogo zake, na mimi nilikuwa nimevitunza kwa jalada la nailoni miaka yote nikijua nimeokoa. Kariakoo bado vinauzwa vya zamani, na muuzaji hatakwambia. Angalia mwaka wa toleo na ulinganishe na orodha ya shule kabla hujatoa hela. Taasisi ya Elimu Tanzania wana maktaba mtandao, na vitabu vya kiada vinasomeka bure kwenye simu. Sisi tunatumia simu ya baba yao jioni akirudi. Usijaribu kukichapisha kitabu kizima stationari, utalipa zaidi ya bei ya dukani. Chapisha ukurasa wa mazoezi tu.

Madaftari tunanunua kwa dazeni, Desemba kabla ya Krismasi, sio Januari bei ikishapanda. Kile ambacho sijutii ni kaunta buku moja kubwa kwa kila mtoto ya “mambo yote”: hesabu leo, kesho mchoro wa mbu, keshokutwa sala aliyoinakili. Mwanzoni nilinunua daftari la kila somo kwa kila mtoto. Mwezi wa tatu nusu yake yalikuwa matupu na mengine yamegeuka ndege za karatasi.

Sasa jinsi tunavyoanza. Wiki ya kwanza ya Februari hakuna somo la daftari. Tunarudisha mambo mawili tu, kazi na sala. Nani anachota maji simtanki likikauka, nani anaosha vyombo vya mchana, nani anamshika kitindamimba kuanzia saa tisa hadi saa kumi. Tunasali Malaika wa Bwana saa sita kwa walio nyumbani, rozari saa moja na nusu usiku kwa wote, bibi akiongoza. Na ninawasomea hadithi baada ya chakula, wakiwa wamelala sakafuni kwenye simenti. Nyumba yetu ni ya bati na Februari kati ya saa saba na saa tisa haifundishiki, hata ungekuwa malaika. Nilipigana na joto hilo miaka miwili. Siku hizi wanalala, wasiotaka kulala wananyamaza.

Wiki ya pili hesabu inaingia, kuanzia saa tisa. Kuandika kunafuata. Kwaresima ikianza, kila kitu kiko mahali pake. Mwaka huu ilikaa vizuri, maana tarehe 2 Februari iliangukia Jumatatu na Jumatano ya Majivu ikawa tarehe 18, kwa hiyo tulikuwa na wiki mbili na ushee za kupanda ngazi. Ramadhani nayo iliingia wiki ileile. Jirani yetu wa ukuta mmoja ni Mwislamu na wanawe wawili huja barazani kwetu kufanya kazi za shule. Tulihamisha muda wao mapema kidogo ili wawahi madrasa, na wangu wakapigwa marufuku kutembea na maandazi uwani. Magharibi uji wa pilipili manga ulikuwa unapita juu ya ukuta kuja kwetu, na Ijumaa mimi napeleka maharage ya nazi. Watoto wa pande zote mbili walikuwa wanashindana nani amefunga kweli. Sikupanga hilo kuwa somo.

Watu hudhani kufundisha wengi ni kuzidisha kazi ya mmoja mara saba. Ukifanya hivyo utakufa. Sisi vitu vingi tunavifanya kwa pamoja: hadithi, dini, historia, mimea, ramani. Mkubwa anaandika ukurasa, wa katikati anaandika sentensi tatu, mdogo anachora. Peke yake mtoto anafundishwa kusoma na hesabu tu, dakika kumi na tano hadi ishirini, na hapo simu yangu iko mbali. Mwaka juzi tulikwenda wote Pugu. Daladala hadi Gongo la Mboto, halafu nyingine. Tulisali kituo cha hija, tukazungumza juu ya wamisionari Wabenediktini waliofika pale 1888 na misheni yao kushambuliwa Januari 1889 wakati wa vita vya Abushiri, na nikawaambia kwamba Mwalimu Nyerere alifundisha Pugu kabla hajaacha kazi 1955 kwa ajili ya siasa. Nauli na chakula havikuzidi elfu thelathini. Kijana wa pili, ambaye historia ilikuwa inamchosha, aliuliza maswali njia nzima ya kurudi: Nyerere alipoacha kazi watoto wake walikula nini? Sikuwa na jibu. Jumamosi iliyofuata alikwenda Maktaba Kuu pale Bibi Titi kutafuta.

Kazi yangu nayo ikaingia kwenye masomo bila kukusudia. Sehemu, yaani nusu, robo, thumni, mapacha walizishindwa kitabuni. Nikawapa futikamba na chaki ya kukatia. Yadi ni inchi 36, nusu yake? Robo ya nusu? Kulwa akachora alama kwenye kitambaa, Doto akahakikisha kwa miwani yake mipya, na wote wakagundua kwamba kitambaa kikikunjwa mara tatu kinatoa sehemu nane, siyo sita. Wiki iliyofuata nikawapa gharama za sketi moja ya shule: kitambaa yadi moja na nusu, elfu tano kwa yadi, zipu mia tano, uzi na kifungo mia tatu, naiuza elfu tisa. Wakakaa kimya muda mrefu wakiandika. Kisha Kulwa akainua kichwa. “Mama, unapata mia saba. Na umeme hujatoa.” Mume wangu alicheka mpaka akakohoa. Tangu hapo sketi ni elfu kumi na mbili, na wateja wamebaki.

Kwa kanisani, msije mkadhani kwamba kwa kuwa mnafundisha dini nyumbani mtamkwepa katekista. Mafundisho ya Komunyo ya Kwanza na Kipaimara ni ya parokia, yana daftari la mahudhurio na mitihani yake. Familia moja ninayoifahamu walimfundisha mtoto wao sala zote na amri zote, wakamleta mwisho wa mwaka, akaambiwa aanze upya na wenzake. Nenda ukamwone katekista Januari, umweleze ratiba yako. Wetu alikubali kuwapokea mapacha kundi la Jumamosi mchana, baada ya jumuiya ya asubuhi.

Vyama vya kanisa ndivyo vilivyotaka kutumaliza. Mwanzo wa mwaka kila kundi lina mkutano: WAWATA ya kina mama, UWAKA ya kina baba, kwaya, Utoto Mtakatifu wa watoto, watumishi wa altare, kamati ya jumuiya. Nyumba ya watu kumi inaweza kuwa na mtu kanisani kila jioni ya wiki na ikaonekana ni nyumba ya watakatifu, huku hakuna aliyesoma. Tumekubaliana kila mtu chama kimoja. Niliachia uweka hazina wa kwaya, na nilinuniwa. Mtaguso Mkuu wa Pili wa Vatikano, katika tamko la 1965 kuhusu elimu ya Kikristo, unawaita wazazi walezi wa kwanza na wakuu wa watoto wao. Nimelisikia likihubiriwa mara nyingi. Aliyenihubiria hakusema nani atakayemshika mtoto wa miaka miwili wakati nafundisha kugawanya.

Kwetu aliyemshika alikuwa binti wa kwanza, na hili ndilo zito kuliko yote niliyoandika.

Katika familia kubwa mtoto wa kwanza wa kike anageuka mama mdogo bila mtu yeyote kutangaza. Binti yangu alikuwa anatoka sekondari saa tisa na nusu, anavua sare, anamchukua mdogo mgongoni, anawakalisha mapacha na hesabu zao, anapika ugali. Wageni walimsifu. Mimi nilimsifu zaidi, mbele yao. Mapacha walipanda darasani. Mwaka jana akiwa kidato cha nne aliniambia usiku mmoja, tukiwa tunakunja nguo za wateja, “Mama, mimi nasoma saa ngapi?” Hakusema kwa hasira. Nikamwambia tutapanga. Zikaja sare za muhula wa pili, hatukupanga.

Matokeo yalipotoka alikuwa na daraja la nne. Hisabati F. Nilichukua daftari lake la hisabati, mazoezi yalikuwa yameishia Mei. Sisemi ni kazi za nyumbani peke yake, lakini daftari lile sikuweza kulitazama mara ya pili. Alikaa siku nyingi bila kuzungumza na mtu isipokuwa bibi yake, na aliacha kuwasomesha wadogo zake bila kuniaga.

Sasa anarisiti. Tulimwandikisha kama mtahiniwa wa kujitegemea kwa masomo aliyoanguka, mtihani Novemba. Usajili wa Baraza la Mitihani unafanyika mwanzoni mwa mwaka kupitia kituo cha mtihani, unapewa namba ya malipo, unalipa, na ukichelewa unalipa pamoja na faini. Msisubiri majonzi yaishe ndipo mwende, maana dirisha halisubiri mtu. Kama mtoto anarudia sayansi, ulizeni kituo mapema kuhusu mtihani wa vitendo, maana maabara huna sebuleni.

Na nyumba ikabidi ibadilike kumfuata. Kuanzia saa mbili hadi saa tano asubuhi, chumba cha wasichana ni chake na mlango unafungwa. Kitindamimba na yule wa miaka mitano wako na mimi chini ya meza ya kukatia, wana sanduku lao la vifungo vikubwa visivyomezeka, vipande vya vitambaa na kitabu cha picha za Biblia. Nashona pungufu. Kwa wiki napoteza kama elfu thelathini za oda ninazozikataa, na mume wangu amechukua vibarua viwili vya usiku kufidia. Hesabu za mapacha sasa anazisimamia yeye akirudi mapema, asiporudi wanazifanya wenyewe na makosa yao yanasubiri Jumamosi. Kijana wa pili ndiye anayepika ugali siku za wiki. Alinuna wiki nzima, kwamba wenzake wa mtaani watamcheka. Mama mkwe, ambaye nilidhani angemtetea, alimkabidhi mwiko.

Binti bado hapendi kuulizwa amefikia wapi. Namwona mwanga wa taa ukipita chini ya mlango usiku, basi.

Watu husema mengine. “Mama Mapacha, saba si wangetosha kuwa watatu ukawasomesha vizuri?” Nimeambiwa hivyo na wateja, na mara moja na nesi. Zamani nilikuwa najibu kwa hotuba. Siku hizi nawauliza wanataka sketi ya urefu gani.

Kinachonikosesha usingizi sasa hivi ni Kiingereza. Kwa sababu ya ule mtaala mpya, mapacha watamaliza darasa la sita 2027, mwaka uleule dada yao anapomaliza la saba. Januari 2028 watatu kwa mpigo wanaingia kidato cha kwanza, ambako masomo karibu yote yanageuka Kiingereza siku moja. Kaka yao alipoingia alikaa muhula mzima akinakili ubao bila kuelewa biolojia, na huyo alikuwa ameanzia shule ya Kiingereza. Kwa hiyo baada ya Pasaka tumeongeza nusu saa jioni kabla ya rozari. Binti mkubwa amekubali kuisimamia mara mbili kwa wiki. Safari hii ni kwa malipo: elfu tano kwa wiki, kutoka kwenye hela ya sketi, na aliandika masharti yake kwenye karatasi akatufanya mimi na baba yake tutie saini. Sharti la nne linasema wiki ya mitihani yake hafundishi mtu.